Pesa ya Mwenzako Si ya Kubahatisha

Ufundi wa umeme wa magari niliupata Kongowea, Mombasa, kwenye uwanja wa vumbi ulio hatua chache kutoka sokoni. Palikuwa na mwarobaini mmoja, mabanda ya mabati, na magari yaliyosimama huku na huku: haya yangoja spea, yale yangoja wenyewe wapate pesa. Aliyenifundisha alikuwa mtu mzima wa maneno machache, nasi vijana wake tulimwita Maalim. Hakuwa na cheti ukutani. Alikuwa na mita ya kupimia umeme, balbu ya taa ya breki iliyoungwa waya mbili ndefu, na daftari. Kwa vitu hivyo vitatu alitibu magari yaliyokuwa yamepita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Mengi yalimfikia yeye mwisho. Yalianzia kwingine, yakabadilishwa hiki na kile, mwenyewe akatoa pesa mpaka akachoka, ndipo mtu akamwambia, "Lipeleke kwa yule mzee wa Kongowea." Kwa hiyo mimi kazi hii niliianza kwa kuiona hasara kwanza, ugonjwa baadaye. Niliwaona watu wazima wakiteremka na vikapu vya spea kuukuu zilizotolewa kwenye magari yao, na nyingi kati ya hizo, tulipozipima, zilikuwa nzima. Hapo ndipo lilipoanza kunikaa moyoni jambo ambalo hadi leo naliamini: fundi anayebahatisha kwa pesa ya mwenzake amdhulumu, hata kama nia yake ni njema.

Anayelijua soko la Kongowea ataelewa kwa nini jambo hili lina uzito. Soko lile halilali. Usiku malori huingia na ndizi na nyanya za Taveta, machungwa ya upande wa Tanga, viazi na kabichi kutoka bara. Kabla ya adhana ya alfajiri bidhaa zishaanza kutoka tena, kwa mikokoteni, kwa tuktuk na kwa magari madogo ya mizigo, kwenda Kisauni, Bamburi na Mtwapa, au kuvuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani. Daraja hilo lililofunguliwa mwaka wa 1980 ndilo mlango wa kisiwa kwa watu wa upande wa kaskazini, na gari moja likizimika juu yake asubuhi, maelfu ya watu huchelewa. Mchuuzi ambaye gari lake limelala hapotezi safari tu. Apoteza mtaji wa siku ile, wateja waliozoea kumngoja, na pengine karo ya muhula.

Magari yenyewe nayo hutufikia yakiwa yameshatumika. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, basi mengi yanayoteremshwa bandarini Kilindini kutoka Japani yanakaribia umri huo. Mwenyewe wa kwanza ameshayachoka. Sisi ndio twayaanza, na twayatumia miaka 10 au 15 mingine. Nyaya zake hukaa muda huo wote katika joto na hewa ya chumvi. Kutu ya pwani haili bodi peke yake. Yala pia viungo vya waya ambavyo hakuna anayeviona.

Gari lililonifundisha kuliko mengine lilikuja likivutwa kwa kamba. Lilikuwa gari dogo la mizigo la Kijapani, injini ya cc 1500, la mama mmoja muuza samaki. Alikuwa akienda Kilifi, siku nyingine mpaka Malindi, akirudi na changu, tasi na kolekole kwenye masanduku ya barafu, akauza Kongowea na Bombolulu. Dereva alikuwa mwanawe.

Ugonjwa ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, milango ilikuwa haifunguki. Akibonyeza rimoti, ndani husikika "tiki" ndogo, kisha kimya. Milango ya mbele aliweza kuifungua kwa ufunguo, lakini mlango wa buti haukuwa na tundu la ufunguo. Ulitegemea umeme mtupu. Siku moja samaki walikwama humo hadi barafu ikayeyuka na mzigo ukaharibika. Pili, injini ilikuwa haikai. Asubuhi yawaka vizuri, yatembea, kisha baada ya dakika chache yaanza kukohoa, yaishiwa nguvu, yazima. Ikipoa yawaka tena kana kwamba haikuwa na neno.

Alikuwa ameshaambiwa mengi. Fundi wa kwanza alisema ni betri, akanunua betri mpya, hali ikawa ile ile. Wa pili aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa namba P0171, akamwambia ni sensa ya oksijeni. Ikabadilishwa. Wa tatu alisema pampu ya mafuta. Pampu ilipobadilishwa gari likaenda vyema siku kadhaa, mama akashukuru, kisha likarudia pale pale. Kwa upande wa milango aliuziwa mota ya kufuli iliyotolewa kwenye gari jingine. Vya zamani vyote alikuja navyo kikapuni.

"Karibu, mamangu. Keti kwanza," Maalim alimwambia, akamsogezea benchi kivulini. "Nieleze tangu siku ya kwanza. Uliyoambiwa yaweke kando. Nieleze uliyoyaona kwa macho yako."

"Mimi nimechoka, Maalim. Nimeuza hata bangili."

"Pole sana. Inshallah tutaona. Haya mawili yalianza pamoja, au moja lilitangulia?"

Mama akafikiri. "Milango ilitangulia. Wakati wa mvua za Mei. Injini ikafuata baadaye."

"Na kabla ya mvua, kulibadilika nini? Mzigo ni ule ule?"

Aliyejibu ni mwanawe. "Zamani tulibeba nazi na mboga. Samaki tumeanza mwaka huu."

Maalim aliandika hayo kwenye daftari: milango kwanza, mvua, injini baadaye, hufa ikipata moto, hupona ikipoa, samaki. Boneti ilikuwa bado haijafunguliwa. Nilikuwa nimewaona mafundi wengi wakifungua boneti kabla ya mwenye gari kumaliza salamu, na siku ile nilianza kuelewa kwa nini yeye hakuwa na haraka. Mwenye gari ndiye aliyeishi na ugonjwa. Hajui jina lake, lakini ajua ulianza lini, ulimkuta wapi, na nini kilibadilika nyumbani au kazini wakati huo. Habari hiyo haimo katika mashine yoyote.

Kisha akaanza kupima. Aliniambia niingie garini, niwashe taa ya darini, nibonyeze kitufe cha kufungua milango. Nilipobonyeza, taa ilififia karibu kuzima, na kwenye dashibodi taa nyingine isiyohusika kabisa ikamulika kidogo. Yeye alikuwa nje, ameshika mita kwenye betri. "Rudia." Nikarudia. Kwangu taa ilififia tena. Kwake betri ilibaki pale pale, volti 12.5.

"Waonaje?" akaniuliza.

"Betri ni nzima. Umeme unapotea njiani."

"Njia ni mbili," akasema. "Ya kwenda na ya kurudi. Watu wote huangalia ya kwenda."

Umeme wa gari hutoka upande chanya wa betri, hupita kwenye fyuzi, hufika kwenye kifaa, kisha sharti urudi upande hasi. Kwa kurudi hautumii waya mrefu. Hutumia bodi yenyewe ya chuma. Kila fungu la vifaa lina waya zake za kurudi zinazokutana kwenye nati moja iliyokazwa kwenye bodi, na mafundi huiita ethi. Ethi ni kama lango la kutokea malori sokoni: likizibwa, hata yanayoingia husimama, na anayetazama lango la kuingilia peke yake hataona kosa.

Maalim alibandua kifuniko cha plastiki kilicho ubavuni, karibu na miguu ya dereva. Nyuma yake palikuwa na waya kadhaa nyeupe zenye mstari mweusi, zimekutana kwenye nati moja. Aliweka ncha moja ya mita kwenye vichwa vya waya zile na ncha ya pili kwenye hasi ya betri. Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma karibu na sifuri. Ilipowashwa, ikasoma volti 1 na ushei. Hakugusa kitu. Tulingoja. Namba ilipanda polepole, ikavuka 2, ikavuka 3, na ilipokaribia 4 injini ikaanza kukohoa.

Akachukua waya mnene, akabana ncha yake moja kwenye hasi ya betri na nyingine akaigusisha kwenye zile waya. Injini iliyokuwa ikikata roho ikainuka, ikatulia. Akautoa ule waya, ikakohoa. Akaurudisha; ikatulia. Ndipo akamwambia yule mama abonyeze rimoti mwenyewe. Mlango wa buti ukafunguka.

Nimeona mengi tangu siku ile, lakini uso wa mama yule sijausahau. Hakuna spea hata moja iliyonunuliwa, na tayari alikuwa na hakika. Huo ndio utaratibu niliokwenda nao tangu hapo: kwanza uoneshe kosa kwa kipimo, kisha uliondoe kwa muda mbele ya mwenyewe, kisha ulirudishe, na baada ya hapo ndipo utaje bei. Matengenezo huanza baada ya uthibitisho, hayaji badala yake.

Jioni Maalim alinifanyia hesabu daftarini, na hesabu yenyewe si yake. Ni kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka wa 1827, ambayo kila fundi wa umeme duniani bado ala mkate kwayo. Pampu ya mafuta ya gari la namna ile hutumia ampea 5 hivi. Nati safi haina ukinzani wa kutajika. Kutu ikileta ukinzani wa nusu ohmu, ampea 5 zikipita hapo zaacha volti 2.5 njiani. Ukinzani ukifika ohmu 1, zapotea karibu volti 5. Injini ikiwaka, altaneta huleta volti 14 hivi. Pampu iliyotarajia hizo hubaki na 9 hivi, na mafuta yaipungukia injini. Volti zinazopotea hugeuka joto papo hapo kwenye nati, na joto kwenye kiungo kibovu huzidisha ukinzani. Ndiyo maana injini ilikuwa hodari asubuhi, ikafa njiani, ikafufuka ikipoa.

Milango nayo ilikuwa na hesabu yake. Mota za kufuli zote zikivuta kwa pamoja, kwa kitambo kidogo huhitaji umeme mwingi kuliko pampu. Kiungo kibovu kikawa hakiwezi kuzipitishia, ikabaki ile "tiki". Zilizohitaji zaidi ndizo zilizoumia kwanza, kabla kutu haijafika kiasi cha kuizima injini. Mpangilio alioueleza mama kivulini, milango kwanza, injini baadaye, ulikuwa umeshatuambia kila kitu kabla mita haijatoka mfukoni.

Hata namba ya mashine ilipata maana. P0171 yamaanisha mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Mashine ilisema kweli: mafuta yalikuwa machache. Haikusema ni nani aliyeyazuia, na sensa ya oksijeni iliyolaumiwa ndiyo iliyokuwa shahidi mwaminifu aliyeleta habari. Pampu mpya nayo ilileta nafuu ya siku chache kwa sababu wakati wa kuifunga kiti kilinyanyuliwa na waya zikavutwa, basi zile zilizokuwa zimelegea kwenye kutu zikagusana upya kwa muda. Nafuu ya namna hiyo ni hatari kuliko kutopona kabisa, kwa kuwa humfanya fundi aamini amefaulu na mwenye gari ashukuru mahali pasipostahili shukrani.

Kesho yake tulitoa viti na kunyanyua zulia. Sponji iliyo chini yake ilikuwa bado imelowa, na harufu ya samaki ilitueleza yaliyobaki. Maji ya barafu iliyochanganyika na chumvi ya samaki yalikuwa yakivuja kwenye masanduku, yakatambaa chini ya zulia kila gari lilipofunga breki, yakakaa pale miguuni pa dereva. Mvua ya Mei ilizidisha unyevu tu. Nati ilikuwa na kutu ya kahawia, na vichwa vya shaba vya waya vimeota ukungu wa kijani. Tulisafisha sakafu kwa maji baridi ya bomba kuondoa chumvi, tukaianika juani milango wazi, tukakwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga vichwa vipya na nati mpya, tukapaka grisi juu yake. Maalim akaongeza waya wa pili wa kurudi, wa akiba. Kisha akamwambia kijana atafute sinia pana la plastiki la kuwekea masanduku, lenye mpira wa kutoa maji nje, kwani kutengeneza nati bila kuzuia maji ni kuahirisha ugonjwa.

Gharama ya vifaa haikufika bei ya kolekole mmoja mkubwa. Maalim alitoza kazi yake bila kificho, akaeleza ni malipo ya muda na ujuzi, na ile pampu ya zamani akaipima mbele ya mama, akamwambia aiweke nyumbani kwa kuwa haina kosa.

Kwa miaka mingi nimejiuliza wale watatu wa kabla yetu walikosea wapi. Sidhani walikuwa wezi. Kwetu mteja huridhika kulipia kitu anachokishika mkononi: betri, sensa, pampu. Ukimwambia alipie saa mbili za kuuliza na kupima, huona umemlia pesa bure, "kwani umebadilisha nini?" Fundi naye ana watoto. Faida yake huiweka ndani ya bei ya spea, na aliyeweka riziki yake kwenye spea hawezi kupenda jibu lisilo na spea. Kwa njia hiyo mwenye kipato kidogo kabisa, mchuuzi wa Kongowea, ndiye anayelipia makosa ya watu wote. Tajiri ana gari la pili. Mama yule hakuwa nalo.

Siku nyingine kijana mmoja dereva wa teksi alituletea gari lenye malalamiko yale yale kwa maneno: halifunguki kwa rimoti, na injini haikai. Mimi nilishaanza kuangalia upande wa miguuni, nikikumbuka gari la samaki. Maalim akaniita nimtazame akiliwasha. Injini ilishika, ikalia kwa sekunde moja au mbili, ikakatika ghafla, bila kukohoa, na kwenye dashibodi taa nyekundu ya usalama ikawa yapepesa. Lile la samaki lilikufa polepole, likiomba mafuta. Hili lilikatazwa.

"Ufunguo huu una kava jipya," Maalim alisema, akiuzungusha mkononi. "La zamani liko wapi, mwanangu?"

"Lilivunjika, fundi. Nilibadilishiwa kibandani mjini. Nadhani nilitupa nyumbani."

"Nenda ukalitafute kabla taka hazijachukuliwa."

Alirudi nalo. Ndani yake, kwenye pembe, ilikuwa imebaki chipu ndogo nyeusi, chini ya ukubwa wa ukucha. Ufunguo wa gari la kisasa una mambo mawili yasiyotegemeana. Rimoti hufanya kazi kwa betri ndogo ya mviringo ya volti 3 na hutuma ishara ya kufungua milango. Chipu haina betri. Huamshwa na duara la waya lililozunguka tundu la swichi, kisha huitaja namba yake ya siri. Kompyuta isiposikia namba inayoijua, huinyima injini mafuta au cheche. Mfumo huo, imobilaiza, ulilazimishwa kwa magari mapya ya Umoja wa Ulaya mwaka wa 1998, na umeenea hata katika magari ya Kijapani. Aliyebadilisha kava aliacha chipu ndani ya lile la zamani, na betri ya rimoti aliiweka kinyume. Tuliirudisha chipu mahali pake, tukaigeuza betri, kijana akaondoka mchana ule ule.

Malalamiko yalifanana, ugonjwa haukufanana hata kidogo. Swali lililofungua yote mawili, hata hivyo, ni moja: kulibadilika nini kabla? Kwa mama ilikuwa mzigo. Kwa kijana ilikuwa kava la ufunguo.

Liko na la tatu ambalo nalieleza kwa tahadhari. Bwana mmoja alileta gari lililokuwa likizimika na kukataa kuwaka, saa nyingine siku nzima, kisha lawaka lenyewe. Maalim alimvuta kando, mbali na vijana, akamuuliza kwa sauti ya chini kama gari lina mkopo. Bwana akainamisha kichwa. Siku hizi magari mengi hununuliwa kwa mkopo au logibuku huwekwa rehani, na mkopeshaji hufunga kifaa cha kulifuatilia gari. Baadhi ya vifaa hivyo vyaweza kukata injini kutoka mbali malipo yakichelewa. Gari lile halikuwa na ugonjwa wowote. Maalim alimshauri akaongee na mkopeshaji wake, hakumtoza kitu, na kwetu hakulitaja tena. Niliyajua baadaye, kutoka kwa bwana mwenyewe. Kuuliza ni nusu ya ufundi, na kujua wapi pa kuulizia na kwa sauti gani ni sehemu ya adabu yake.

Leo na mimi nina vijana wangu. Mmoja wao amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, amepata daraja la 3 na anajiandaa kwa la 2. Nampongeza kila siku, maana ujuzi wa jua kali unastahili kutambuliwa kwa karatasi. Mashine ya kusoma kompyuta ninayo pia, na siidharau. Marekani ililazimisha soketi ya aina moja yenye pini 16 kwa magari madogo yote mapya kuanzia mwaka wa 1996, Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka wa 2001, na kwa sababu hiyo kifaa kimoja chasoma magari ya nchi nyingi. Lakini nawaambia vijana wangu kwamba mashine hueleza malalamiko ya gari. Haijui kwamba mwaka huu mwenyewe ameanza kubeba samaki.

Nawafundisha pia kutazama namna gari linavyokufa. Linalokatika baada ya sekunde moja na taa ya usalama yapepesa, anza na ufunguo. Linalokatika ghafla njiani kama lililozimwa kwa swichi, tafuta umeme: swichi yenyewe, rilei, taminali za betri, kikata umeme kilichofungwa na fundi wa alamu. Linalokohoa na kuishiwa nguvu kidogo kidogo, tafuta mafuta, na usisahau kwamba pampu ya mafuta ni kifaa cha umeme. Linalozima likisimama tu na kwenda vizuri likikanyagwa, tazama njia ya hewa na uchafu ulioganda humo. Na kiungo cha ethi kamwe usikipime kwa ohmu gari likiwa limelala, kwa sababu umeme mdogo wa mita hupita hata kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki. Kipime kwa volti, kifaa kikiwa kinafanya kazi, na kikipoteza zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za volti, kifungue ukisafishe. Ukikosa mita nzuri, balbu ya breki ya wati 21 itakutosha: iunge kati ya chanya ya betri na kiungo unachokishuku. Ikiwaka kwa ung'avu wake wote, kiungo kimeuweza mzigo ule. Ikififia, umepata pa kuanzia.

Kwa wenye magari nina maneno machache. Jueni ufunguo wa chuma wa gari lenu uko wapi na tundu lake liko mlango gani, kabla ya siku ya haja. Mtoto akifungiwa garini kwenye jua la Mombasa, dakika chache zatosha kumdhuru, na kioo hakina thamani mbele ya uhai, kivunjeni. Andikeni tatizo lilianza lini na nini kilibadilika. Spea ya zamani ikitolewa, idaini, ni mali yenu. Na kubalini kumlipa fundi kwa kupima, maana asiyelipwa kwa kupima atalipwa kwa kubahatisha, na hayo malipo ya pili ndiyo ghali.

Fundi akikuambia, "Tubadilishe hiki tuone," muulize kwa heshima amepima nini na mita ilisoma ngapi. Mwenye jibu atafurahi kukuonesha. Asiye nalo, mshukuru kwa muda wake, uchukue funguo zako, uende kwingine.